Walipovua Helmeti: Madereva wa Mbio na Kazi Zao za Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi vijana mnaohitimu leo masomo ya ufundi wa magari: kwa walionizidi umri, shikamooni; kwa wengine wote, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mbio za magari, na bila shaka wengi wenu mlitarajia hadithi za ushindi. Hadithi hizo ninazo, kwa sababu nilikua kando ya barabara ambayo Safari Rally ilipita wakati wa Pasaka, na mpaka leo nikifumba macho nausikia mkono wa baba ulivyonishika ukosi wa shati nisije nikakimbilia barabarani. Lakini leo ni siku ambayo ninyi mnaingia kazini, na kwa sababu hiyo hiyo nimeona niwaeleze habari za watu waliokuwa wanatoka kazini.

Dereva wa mbio za ngazi ya juu huanza akiwa kijana na humaliza, akijaliwa kumaliza akiwa hai, katika umri ambao fundi wa kawaida ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa. Jackie Stewart aliacha akiwa na miaka 34, James Hunt akiwa na miaka 31, na Jody Scheckter akiwa na miaka 30. Niki Lauda naye, alipoacha mara ya kwanza, alikuwa na miaka 30. Mtu aliyezoea kushangiliwa na maelfu anaamka asubuhi hana gari la kujaribu wala mpinzani wa kumfukuza, na mbele yake ana miaka arobaini ya kuishi. Nimesoma habari za watu hawa kwa muda mrefu, na kuna jambo moja ambalo limenikaa moyoni: kazi ya pili ya dereva, pale ilipokuwa na maana, haikuanza siku alipovua helmeti. Ilikuwa imeanza zamani, ndani ya ile ya kwanza, katika jambo ambalo yeye alilitazama kwa makini wakati wenzake walikuwa wakitazama saa tu.

Nianze na Stewart, kwa kuwa alianzia pale pale mlipo ninyi. Alikuwa mtoto wa mwenye gereji huko Dumbuck, Scotland. Aliacha shule akiwa na miaka 15 kwa sababu maandishi yalimkataa. Hakuweza kusoma kama wenzake, na shuleni alihesabiwa kuwa mjinga. Akaingia gerejini kwa baba yake, akawa fundi. Kutoka hapo akafika kwenye langalanga, yaani Formula 1, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973, na kushinda mashindano 27, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 1987.

Tarehe 12 Juni 1966, katika mashindano ya Ubelgiji pale Spa-Francorchamps, mvua iliwakuta madereva katika mzunguko wa kwanza kabisa. Gari la Stewart liliteleza kwa kasi, likatoka barabarani na kukunjika. Alinaswa ndani yake, usukani umembana, na petroli ikimvujia mwilini. Hapakuwa na mwokoaji karibu, wala kifaa chochote. Waliomfikia ni madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza mahali hapo hapo. Na ili kuufungua usukani ule iliwabidi waazime spana kwa mtazamaji. Ilipita kiasi cha dakika 25 kabla hajatoka. Gari la wagonjwa lililomchukua lilipotea njia ya kwenda hospitalini.

Stewart alipona, na baada ya siku ile alisafiri katika kila mbio akiwa na spana yake mwenyewe, imefungwa kwa utepe ndani ya gari. Naomba mwitazame spana hiyo kwa macho ya fundi. Ilikuwa ushahidi kwamba katika mchezo uliojaa fedha na fahari, maisha ya mtu yalikuwa yametegemea kifaa ambacho kila mmoja wenu amekishika wiki hii, na hapakuwa na aliyepangiwa kukileta. Stewart alidai mikanda ya usalama, vizuizi kando ya barabara za mbio, madaktari wenye ujuzi na vifaa vya kuzima moto. Wenye viwanja walimchukia kwa hilo, na baadhi ya watazamaji wakamwita mwoga. Oktoba 1973, pale Watkins Glen, Marekani, rafiki na mwenzake wa timu, François Cevert, alikufa katika mazoezi. Yale yangekuwa mashindano ya mia moja ya Stewart. Hakushiriki, na hakurudi tena kushindana.

Lakini ile kazi ya spana aliendelea nayo maisha yake yote. Mwaka 1980 mwanawe alipimwa na kukutwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili, Stewart naye akapimwa, na akiwa na miaka 41 akaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba yale mateso ya darasani hayakuwa ujinga. Akawa msemaji mkubwa wa watoto wenye tatizo hilo huko Scotland. Mwaka 1997 yeye na mwanawe Paul waliingiza timu yao wenyewe katika langalanga, na mwaka 1999 timu hiyo ikashinda pale Nürburgring, Johnny Herbert akiwa kwenye usukani. Mke wake, Helen, ambaye enzi za mbio alikaa kando ya barabara na saa mkononi akihesabu muda wa mizunguko, alipopatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, Stewart alianzisha mfuko wa kugharimia watafiti vijana wa ugonjwa huo. Alikuwa karibu na miaka 80. Ni mtu yule yule wa Spa, anayeuliza kwa nini kifaa hakipo.

Sasa nifike kwa Niki Lauda, na hapa nitakaa, kwa sababu kisa chake kinawahusu mafundi kuliko kingine chochote ninachokijua.

Wengi wanamjua Lauda kwa moto. Tarehe 1 Agosti 1976 gari lake liliwaka pale Nürburgring, uso na mapafu yake yakaungua, padri akaitwa hospitalini, na siku 42 baadaye alikuwa Monza, Italia, vidonda havijakauka, akamaliza wa nne. Alikuwa bingwa mwaka 1975, akawa bingwa tena mwaka 1977. Mwaka 1979, katikati ya mazoezi ya mashindano ya Canada, alishuka garini na kusema amechoka kuzungukazunguka mahali pamoja, akaenda zake. Mwaka huo huo alianzisha shirika la ndege, Lauda Air. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na fedha ilikuwa mojawapo ya sababu zilizomrudisha kwenye mbio mwaka 1982. Mwaka 1984 akatwaa ubingwa wa tatu kwa tofauti ya nusu alama dhidi ya Alain Prost, kisha mwaka 1985 akaacha moja kwa moja. Shirika lake likakua, likanunua ndege kubwa, na yeye mwenyewe, akiwa na leseni ya rubani, aliziendesha.

Tarehe 26 Mei 1991, ndege yake aina ya Boeing 767 iliruka kutoka Bangkok kwenda Vienna. Dakika chache baada ya kupaa, taa ya onyo iliwaka. Marubani walifungua kitabu cha maelekezo, wakakisoma kama walivyofundishwa, na kitabu hakikuwaambia kwamba wamo hatarini. Baadaye kidogo, kile kifaa cha injini kinachogeuza msukumo uelekee mbele ili ndege ipunguze mwendo ikishatua, kilifunguka chenyewe upande wa kushoto, ndege ikiwa bado inapanda. Ilipinduka na kukatika vipande juu ya msitu wa Thailand. Watu 223 waliokuwamo walikufa wote.

Lauda alikwenda mwenyewe. Alitembea msituni kati ya mabaki na maiti, na alihudhuria mazishi. Alikuwa akisema kwamba enzi za mbio, hatari aliyoichukua ilikuwa yake peke yake, lakini watu hawa walikuwa wamenunua tiketi kwake. Kama kosa lilikuwa la shirika lake, asingeendelea na kazi ile. Kwa hiyo akaanza kutafuta chanzo, kwa namna ile ile aliyotumia zamani kutafuta kwa nini gari linavuta upande mmoja kwenye kona. Aliingia katika mashine ya mazoezi inayoiga urukaji wa ndege, akakifungua kifaa kile kwa mwendo na urefu ule ule wa ajali, akajaribu kuinusuru ndege, akashindwa. Akarudia tena na tena, zaidi ya mara kumi, na kila mara ndege ilianguka. Kabla ya hapo ilikuwa inaaminika kwamba hata kifaa hicho kikifunguka angani, rubani angeweza kuiongoza ndege. Alisimulia katika mahojiano kwamba alikwenda makao ya watengenezaji huko Seattle na kudai watangaze ukweli huo hadharani. Na walipositasita, akawaambia watayarishe ndege ya aina ile ile na kifaa kile kifunguliwe angani, naye atapanda. Wakakubali kutangaza. Baadaye ndege za aina hiyo zikawekewa kufuli la ziada ili kifaa kile kisifunguke ndege ikiwa hewani.

Kila ninaposafiri kwa ndege, magurudumu yakigusa ardhi na injini zikivuma kwa ile sauti ya kurudi nyuma, namkumbuka mzee yule mwenye kofia nyekundu iliyoficha makovu. Hakuna kombe linalotolewa kwa ajili ya kufuli. Hakuna abiria anayelijua. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi aliyoifanya mwaka 1991 ni kubwa kuliko mataji yake matatu, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeyapenda mataji. Yaliyofuata nitayapitia haraka: aliachana na Lauda Air mwaka 2000, akaanzisha shirika jingine mwaka 2003, tangu mwaka 2012 akawa mwenyekiti asiye mtendaji wa timu ya Mercedes ya langalanga na mmoja wa waliomshawishi Lewis Hamilton ajiunge nayo, na alifariki tarehe 20 Mei 2019.

Nirudi nyumbani kwetu kidogo, maana tusidhani haya ni mambo ya Ulaya pekee. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, na Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akahamia Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari Rally kwa Datsun, baada ya kumaliza sawasawa kwa alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, hata ikabidi kanuni ya ziada iamue mshindi. Kisha akashinda mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982, na kufikisha ushindi mara tano. Ajali mbaya katika mbio za jangwani nchini Misri mwaka 1987 ilimkatisha. Alichofanya baadaye hakikupigwa picha: alikaa kwenye meza za Shirikisho la Kimataifa la Magari, akawa mwenyekiti wa tume ya mbio za rali, mpaka alipofariki mwaka 2006. Mtu aliyekuwa ameijua Safari kwa matope yake, mifugo yake na mito yake inayofurika ghafla, aliketi mahali ambapo kanuni za rali ya dunia nzima zilikuwa zikiandikwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatujamshukuru vya kutosha kwa hilo.

Ove Andersson wa Sweden naye alishinda Safari, mwaka 1975, kwa Peugeot 504, gari ambalo baba zenu wanalijua vizuri kuliko mimi. Akiwa bado dereva alianza kujenga timu yake ndogo, na timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa timu ya Toyota barani Ulaya, yenye makao Cologne, Ujerumani. Chini ya uongozi wake Toyota ilirudi katika barabara zetu na kushinda mwaka 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, 1992 na 1993. Na mwaka huo wa 1993 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, ya tatu ikiwa ya Ian Duncan wa Kenya. Nisifiche upande wa pili. Mwaka 1995 timu yake ilikamatwa na kifaa haramu katika mfumo wa kuingiza hewa kwenye injini, kifaa kilichobuniwa kwa ustadi hata kisionekane kwa urahisi, na ikafungiwa. Baada ya hapo alijenga timu ya Toyota ya langalanga iliyoanza mwaka 2002. Alifariki mwaka 2008 nchini Afrika Kusini, akishiriki mashindano ya magari ya kale, bara lile lile lililompa ushindi wake mkubwa.

Wapo ambao njia ya pili iliwaelemea. Alain Prost, bingwa mara nne, alinunua timu ya Ligier na kuipa jina lake mwaka 1997. Ilipofika Januari 2002 ilikuwa imefilisika na kufungwa. James Hunt, aliyempokonya Lauda ubingwa wa 1976 kwa alama moja, alipata kazi nzuri ya utangazaji katika BBC na alipendwa na wasikilizaji kwa kusema bila kuficha, lakini miaka mingi ya baada ya mbio ilimsumbua, na ndipo alipoanza kutulia moyo ukasimama mwaka 1993, akiwa na miaka 45. Carlos Reutemann wa Argentina, aliyekosa ubingwa wa 1981 kwa alama moja, aliingia siasa, akawa gavana wa jimbo la Santa Fe kwa vipindi viwili na kisha seneta. Wengi walimsifu kwa utulivu wake, na wengi walimlaumu mto Salado ulipofurika na kuumiza mji wa Santa Fe mwaka 2003. Siwahukumu. Kampuni haina kona unayoweza kuikariri, na jimbo halina bendera ya kusimamisha mbio mvua inapozidi.

Jody Scheckter ananipinga kidogo, na ni haki nimtaje. Huyu ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa langalanga, mzaliwa wa East London, Afrika Kusini, aliyetwaa taji mwaka 1979 akiwa na Ferrari. Mwaka mmoja baadaye aliacha na kuhamia Marekani, akaanzisha kampuni ya mashine za kuwafundishia askari kulenga shabaha, akaiuza, akapata mali. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mbegu yake popote katika maisha yake ya mbio: alinunua shamba huko Hampshire, Uingereza, akaanza kilimo hai, akafuga nyati wa maziwa na kutengeneza jibini. Hata hivyo, tazameni alivyolima. Alijenga maabara ya kupima udongo shambani, na alitaka kujua ndani ya udongo kuna viumbe gani na wangapi kabla hajaamua cha kupanda. Mkulima jirani anatazama mawingu. Huyu anasoma vipimo kama alivyosoma vipimo vya tairi. Basi labda naye hanipingi sana.

Wa mwisho ni Alex Zanardi wa Italia, bingwa wa mbio za CART za Marekani mwaka 1997 na 1998. Tarehe 15 Septemba 2001, katika uwanja wa Lausitzring, Ujerumani, alikuwa akiongoza, imebaki mizunguko 13. Alipotoka kuweka mafuta gari liliteleza, likasimama limekingama barabarani, na gari lililokuwa likija kwa kasi likalikata mbele yake. Alipoteza miguu yote miwili. Madaktari walimrudisha kwa shida.

Miguu ya bandia aliyopewa haikumridhisha, akaanza kubuni yake mwenyewe, akiipima na kuirekebisha kama fundi anavyorekebisha springi. Mei 2003 alirudi Lausitzring. Gari lilikuwa limetengenezwa aweze kuliendesha kwa mikono, na mbele ya watazamaji aliizunguka ile mizunguko 13 iliyokuwa imebaki, peke yake, mpaka ikaisha. Mwendo aliofikia ungempa nafasi ya tano katika kupanga safu ya kuanzia kwa mashindano ya siku zile. Baadaye akashinda tena mbio za magari ya kawaida yaliyoboreshwa, akiwa na BMW, kisha akahamia baiskeli inayoendeshwa kwa mikono, na katika Michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012 na ya Rio mwaka 2016 akapata dhahabu nne na fedha mbili. Juni 2020 ajali nyingine, akiwa kwenye baiskeli hiyo huko Italia, ilimjeruhi vibaya kichwani.

Mbio za baiskeli za London zilifanyika Brands Hatch, barabara ya magari aliyoijua tangu ujana wake. Iko picha iliyopigwa siku ile alipovuka mstari wa mwisho. Amejitoa kwenye baiskeli, amekaa chini juu ya lami, pale ambapo zamani alipita kwa injini na magurudumu manne, na kwa mkono mmoja ameinyanyua baiskeli nzima juu ya kichwa chake.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.